Marejeo Yangu Yalikuja kwa Raksha

Niseme bei kwanza, kama nifanyavyo dukani, ili asiyetaka kununua apite zake: mkasa huu umenigharimu soda nne, kiti kimoja cha plastiki, barua moja ambayo bado sijaipata, na wifi mmoja. Nimehesabu mara mbili na jibu ni lile lile. Soda na kiti ni hasara ya kawaida, barua huenda nikaipata, lakini wifi ndiye anayenikosesha raha, kwa sababu wifi hana duka la jumla ambako unaweza kwenda kuagiza mwingine. Aibu sikuiweka kwenye hesabu. Ilishuhudiwa na wanafunzi kumi na tisa, mwalimu mmoja, na wahadhiri wawili waliokuwa ng'ambo ndani ya skrini, na mizani ya kupimia kitu hicho sijaiona hata soko la Konyokonyo.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Lado, nauza vitenge Malakia, hapa Juba, lakini kabla ya vitenge nilifanya kazi miaka sita kama nesi msaidizi kwenye kliniki ndogo kule Gudele, chumba cha kuzalishia (ilishafungwa, msijisumbue kuitafuta). Kiswahili hiki nilikiokota Kitale tulikokimbilia nikiwa mdogo, Kiarabu cha Juba nilikikuta nyumbani tuliporudi, na Kiingereza nilidhani ninacho mpaka siku nilipoanza kukisoma. Mwaka huu, nikiwa na miaka thelathini na saba na magoti yanayoanza kulalamika, nikaamua kwenda kusomea unesi ng'ambo, shahada kamili, si cheti cha kubandika ukutani na kufutia vumbi. Chuo kimoja kikanipokea kwa sharti: kwanza nisome Kiingereza cha chuo miezi mitano hapa hapa Juba, kwenye chumba kilicho juu ya mgahawa pale Hai Cinema, kisha mwalimu aandike barua kwamba niko tayari. Bila barua hiyo nafasi yako anapewa mwingine. Tulikuwa wanafunzi ishirini na nafasi zilikuwa sita, na hesabu hiyo mtu hahitaji kuirudia.

Mwalimu wetu, Mwalimu Opio, ni Mganda wa kaskazini, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka ndani ya mifuko, na nadhani hajawahi kupandisha sauti tangu abatizwe. Niliingia darasani kwake nikifikiri tutasoma majina ya magonjwa na dawa. Wapi! Wiki tatu za kwanza tulifundishwa kuwa na wasiwasi. Ukiandika "maji machafu yanaleta kuhara", Mwalimu anazungushia duara jekundu, anasema, "Una uhakika gani? Sema inaelekea yanachangia." Basi kila kitu kikawa kinaelekea, huenda, inawezekana, yaani watu wazima ishirini tunaandika kama mtu anayeulizwa na mkewe alikuwa wapi jana. (Nilijaribu mtindo huo sokoni, nikamwambia mteja kwamba inaelekea kitenge hiki hakichuji, akakirudisha taratibu kama kina nyoka ndani.) Halafu neno "mimi" likapigwa marufuku. Insha ya chuo haina mimi, alisema Mwalimu, msomaji hataki kujua wewe unaona nini, anataka kujua ushahidi unasema nini. Na kila neno ulilochukua kwa mtu lazima lionyeshe mwenyewe: nani kasema, mwaka gani, na mwishoni kabisa unapanga wote kwenye orodha inayoitwa marejeo, jina la ukoo kwanza, koma, kisha herufi ya jina lake la kwanza.

Hilo la marejeo lilinipendeza sana, msinicheke, kwa sababu niliona hatimaye wasomi wamekubaliana na wazee wetu. Kwetu kwenye kikao cha ukoo huwezi kusimama ukasema "watu wanasema." Utaulizwa watu gani, na ukiwataja utaulizwa wako wapi, na kama hawapo unaambiwa ukae chini uwaachie nafasi wenye mashahidi. Nikajisemea, hapa nimefika nyumbani.

Insha ya mwisho ilikuwa ya maneno elfu moja na mia mbili, kila mtu na mada yake, halafu unaieleza kwa mdomo mbele ya darasa na mbele ya wahadhiri wa chuo, wao wakiwa kwao wakituangalia kwa intaneti, nao wanauliza maswali, na baada ya hapo ndipo barua inaandikwa au haiandikwi. Mada yangu niliichagua mwenyewe: kwa nini akina mama wa Juba wanachelewa kufika kliniki wakiwa na uchungu. Hiyo niliijua kama kiganja changu, miaka sita ya kuwapokea. Tatizo likawa vyanzo. Mwalimu alitaka vinane.

"Vyote vinane, Mwalimu?" nikamuuliza. "Tufanye vitano."

"Mama Lado, ni vinane."

"Wewe ni mtu wangu. Vitano vizuri ni bora kuliko vinane vya kujazia. Haya, sita."

"Hapa si sokoni, mama."

"Saba, na sisemi kitu wiki nzima."

Darasa likacheka, yeye akatabasamu, akaandika ubaoni namba nane akaipigia mstari chini, na mimi nikajua nimekutana na mtu asiyeshuka bei. Vitano nilivipata kwa jasho, maana hapa ukifungua makala ya kurasa kumi na mbili kwenye simu, bando linakufa kwenye ukurasa wa tisa, na maana yenyewe siku zote iko kwenye ule wa kumi. Vitatu vikabaki. Siku mbili kabla ya kukusanya, nimekaa dukani, naangalia orodha yangu fupi, mbele yangu Mama Night anamimina shai, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilimwandika Mama Night.

Mama Night ni Mganda anayeuza chai hatua tano kutoka kwenye duka langu, na aliwahi kunieleza jinsi alivyokunywa dawa ya majani ili uchungu uende haraka, nusura afe. Huo si ushahidi? Makala zangu tano zilizungumzia akina mama kama hao bila kumtaja hata mmoja. Nikamtia kwenye insha. Kisha nikamtia Daya Rejina, mama mtu mzima wa kule Gudele anayezalisha wanawake majumbani (daya ndilo jina la mkunga wa mtaani hapa kwetu). Na wa tatu nikamwandika wifi yangu Kiden, dada ya mume wangu, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyuma ya ua wa watu, mita mia moja kutoka kliniki ile ile niliyokuwa nikifanya kazi. Nikawapanga kwenye marejeo vizuri kabisa, koma mahali pake. Kwenye mwaka ndipo nilipokwama kidogo, kwa sababu orodha inataka mwaka wa kuchapishwa, nikajiuliza mtu anachapishwa lini, nikaona ni siku ya kuzaliwa. Mama Night alinipa mwaka wake kwa kusitasita. Daya alikataa katakata, akasema mwaka wa mwanamke ni wa Mungu. Nikaandika "hakuna mwaka", jambo ambalo Mwalimu alikuwa ametufundisha linaruhusiwa.

Insha ikarudi na kalamu nyekundu pembeni: hivi vitatu sivifahamu, nitavithibitishaje? Ndugu zangu, mtu yeyote mwenye akili angekwenda kumuuliza Mwalimu anataka nini. Mimi nilisoma swali hilo kwa masikio ya kikao cha ukoo, nikaelewa ananiambia niwalete.

Siku ya kueleza insha nilikodi raksha, ile bajaji ya magurudumu matatu, nikawapakia wote watatu pamoja na soda zao (yangu ilikuwa ya nne). Niliwaambia kazi ni nyepesi: mnakaa, mkiulizwa kama ni kweli mnasema kweli, mnakunywa, mnarudi. Mama Night alikuwa amejifunga gomesi, gauni la Kiganda, la Jumapili. Daya Rejina alikuja na fimbo ambayo haitumii kutembelea. Kiden hakutaka kuja, alikuwa na nguo za kufua, nikambembeleza, nikamwambia, "Wifi, nisaidie, barua yangu iko hapo," akanawa mikono akaja. Hilo nalikumbuka sana siku hizi. Alikuja kwa sababu nilimwomba.

Tukapanda ngazi. Wenzangu kumi na tisa wamekaa, laptopu iko mezani, projekta imetupa ukutani nyuso mbili za wahadhiri, mwanamume aliyekuwa anakula kitu na mwanamke mwenye miwani aliyeitwa Dokta, mtu mwenye adabu iliyonyooka. Nilichukua viti vitatu vya mstari wa mbele nikavigeuza vitazame darasa, kama pale wanapokaa mashahidi, nikawakalisha watu wangu.

Mwalimu akaninong'oneza, "Umekuja na wageni wa kukutia moyo? Vizuri."

"Hapana, Mwalimu," nikasema kwa sauti, kwa fahari. "Hawa ndio marejeo yangu."

Kisha mtu wa nyuma akaanza kucheka kwa pua, akafuatwa na mwingine, na Mwalimu Opio akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Dokta wa ukutani akauliza ni nini kinaendelea. Mwalimu akamweleza. Yeye hakucheka, na ningependa angecheka. Akauliza kama akina mama hawa walikubali kuandikwa majina yao.

"Wamekubali," nikasema. "Nimewanunulia soda."

Akaandika kitu. Mistari mitatu, niliihesabu. Akauliza tena, pole pole: je, wanajua kilichoandikwa juu yao? Nikasema wao hawasomi Kiingereza. "Basi tafadhali wasomewe," akasema, "kwa lugha wanayoisikia," na Mwalimu akachukua insha yangu mkononi, akaanza kuifasiri kwa Kiswahili, aya kwa aya, kwa sauti yake ile ile ya upole.

Aya ya Mama Night ilikuwa inasema kwamba alikunywa majani aliyopewa na daya. Mama Night akaangalia pembeni. Daya Rejina hakuangalia pembeni.

"Nani alikupa?" akauliza.

"Mama, mimi hapana sema wewe."

"Hapa pamesemwa daya! Gudele kuna madaya wangapi? Nilikwambia kikombe kimoja! Kikombe! Wewe ukanywa sufuria, kama ng'ombe kwenye Nile!"

"Sasa kikombe ya kwanza hapana fanya kazi!"

"Ingefanyaje kazi, na tumbo lenyewe lilikuwa la miezi minane!"

Darasa likapasuka. Watu wanalia kwa kicheko, yule mhadhiri wa kiume ameacha kutafuna. Mwalimu akajaribu kuokoa jahazi kwa kusoma aya inayofuata, ambayo ilikuwa ya Daya mwenyewe, na ambayo niliandika (kwa Kiingereza ilionekana ya heshima) kwamba inaelekea akina mama wengi huhudumiwa na wazee wasio na mafunzo yoyote. Daya akasimama, akauliza wasio na nini, akaambiwa, akarudi kukaa kwa hasira kiasi kwamba kiti kikatoa mlio mmoja na mguu wake wa nyuma ukaenda. Watu wanne walimwinua. Mpaka hapo, nawaambia ukweli, nilikuwa bado nadhani naweza kuokoka. Niliwaza, hii itakuwa hadithi ya kuchekesha, wahadhiri watanikumbuka, mwenye kukumbukwa yuko karibu na mwenye kuchaguliwa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga bei ya huruma yao.

Mwalimu akasoma aya ya tatu ili tumalize. Ilisema hivi, naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliipenda: kwamba mama mmoja wa Gudele, Kiden, alichelewa kufika kliniki kwa kutofahamu umuhimu wa kufika mapema, na kwa sababu hiyo mtoto wake akazaliwa njiani, na kwamba inaelekea akina mama wa namna hii wanahitaji elimu.

Kiden alikuwa amekaa na soda yake mapajani, haijafunguliwa. Hakusimama wala hakupandisha sauti. Yeye Kiswahili chake alikitoa Arua, kule Uganda, hakina mapambo.

"Mwalimu. Hapo imeandikwa mimi nilichelewa?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nani alimwambia hivyo?"

Mwalimu akaangalia chini ya ukurasa. "Hapa anasema ni daftari la kliniki."

"Daftari aliandika nani?"

Mwalimu akanigeukia. Darasa zima likanigeukia, na wale wawili wa ukutani, kwa kuchelewa kidogo kwa sababu ya intaneti, nao wakanigeukia.

"Mimi," nikasema.

"Basi mimi niseme," akasema Kiden. "Mimi nilikuja mapema. Jua ilikuwa bado haijapanda. Nilikuja na mfuko, kila kitu ndani, mama alinipangia. Huyu nesi alikuwa mlangoni. Wanawake wengine wako kwenye benchi. Akamwaga vitu yangu mezani, akahesabu. Sabuni, wembe, pamba, plastiki. Akahesabu tena, na sauti. Glavu inatakiwa pea mbili, mimi nina moja. Akasema, wewe ni wifi yangu, watu wasiseme napendelea ndugu, rudi sokoni ulete nyingine. Nikarudi. Nilifika kwenye ule ua wa watu, sikufika soko."

Ndipo Daya Rejina, ambaye alikuwa bado anashikilia kiuno chake, akasema kwa sauti ndogo kuliko zote alizotumia siku hiyo, "Mtoto huyo nilimpokea mimi. Kwenye kitenge. Glavu sikuwa nazo hata moja."

Kiden akaweka soda sakafuni, taratibu, isianguke. "Mimi sikukosa elimu," akamwambia Mwalimu, na si mimi, kisha akashuka ngazi. Tulisikia ndara zake mpaka chini.

Mtoto yule, ili msikae na roho juu, yuko hai, ni msichana, anakimbia na kuniibia biskuti. Na mimi sikuwa nimesahau. Hapo ndipo mambo yanapokuwa mabaya zaidi, na nimelifikiria hili kuliko jambo lolote tangu siku ile. Nilikumbuka kila kitu, meza, sabuni, benchi, hata rangi ya ule mfuko; ila nilikikumbuka kama kisa cha uadilifu wangu. Nilikuwa nikijisimulia mara nyingi jinsi nilivyokataa kupendelea ndugu. Na Kiden aliporudishwa na Daya saa mbili baadaye, mtoto kifuani, nikachukua kalamu nikaandika kwenye daftari "amechelewa, amezaliwa njiani". Alizaliwa njiani kweli. Sikuandika tu nani aliyemrudisha njiani. Miaka ikapita, nikalifungua daftari lile kichwani, nikakuta maandishi yangu mwenyewe, nikayaamini kwa sababu yalikuwa maandishi. Wale mama wengine wote niliowaandika "amechelewa" kwa miaka sita, sijui ni wangapi nilikuwa nimewahesabia glavu. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, hiyo sikuihesabu hata mara moja.

Dokta aliniuliza kama ningependa kuendelea. Nilisema huenda ni bora nikae. (Ndiyo mara pekee miezi mitano yote nilipotumia neno hilo kwa usahihi.)

Baada ya darasa Mwalimu Opio alinibakiza. Nilitegemea aniambie niende zangu na kiti nilipe. Akaniambia kwamba kwenye unesi wa huko niendako mgonjwa hatajwi jina, na kwamba mwenye maneno yake huulizwa kwanza, akaelezwa kila kitu, na ana haki ya kukataa, na soda haiingii. "Mwenye kitabu tunamtaja ili kumheshimu," akasema, "na mgonjwa tunamficha kwa sababu hiyo hiyo." Kisha akasema wahadhiri wamekubali niandike upya, kwa ruhusa za wahusika, mpaka Jumatatu saa nne asubuhi. Barua itategemea hapo.

Nikamshukuru, nikamuuliza kama Jumatano haiwezekani. Akaniangalia. Nikasema Jumatatu.

Ruhusa ya kwanza ilikuwa rahisi: Mama Night alikasirika aliposikia jina lake litatolewa, alitaka lisomwe ng'ambo, na akaomba niongeze mahali anapouzia. Daya Rejina alinikalisha mlangoni kwake saa nzima bila maji, kisha akasema niandike, bila jina, lakini yale maneno ya "wasio na mafunzo" niyameze, na badala yake niseme amepokea watoto wangapi. Nilimuuliza wangapi. Akasema hajui, yeye hahesabu watoto.

Kwa Kiden nilikwenda mwisho, kwa uoga. Nilimkuta Gudele anaanika nguo. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Nikachukua vibanio nikaanza kumpa kimoja kimoja, akavipokea.

"Malesh, wifi," nikasema, nikimwomba radhi.

"Malesh ya nini?"

"Ya jina lako kwenye karatasi."

"Jina tu?"

Nikampa kibanio kingine. Akaanika shuka, akalivuta likanyooka.

"Ya kukurudisha," nikasema.

"Miaka yote hiyo umekula nyumbani kwangu," akasema. "Krismasi, msiba, ubatizo wa huyo huyo mtoto. Nilingoja useme. Nikafikiri labda ni haya, siku moja itamtoka. Kumbe wewe ulikuwa unajua mimi ndiye nilichelewa."

Nikamweleza habari ya Jumatatu, na kwamba nikimtoa kabisa kwenye insha zinabaki makala tano za watu wa mbali, Mama Night na Daya, na kwamba nikimweka lazima akubali. Akaanika kwanza nguo mbili.

"Weka," akasema. "Jina langu toa. Lako weka."

Mnanijua. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Niseme nesi mmoja."

"Nesi mmoja nani? Manesi wote ya Juba wabebe mzigo yako?"

"Nesi aliyekuwa zamu."

"Zamu iko na mtu."

"Herufi ya kwanza tu, basi, na koma, kama kwenye marejeo."

Nilidhani atacheka, uso ulitikisika kidogo, lakini akaokota beseni lake akaingia ndani. Ukimtoa Mwalimu, ni biashara ya kwanza maishani mwangu niliyoiacha kwa bei ile ile iliyotajwa mwanzo. Na sharti lake ni la haki, nililigeuza huku na huku njia nzima ya kurudi sikuona tundu. Ila barua ile inasema kama nafaa kuwa nesi, na wanaoisubiri ndio watakaosoma kwamba nesi aliyemrudisha mama mwenye uchungu kwa sababu ya pea moja ya glavu, halafu akaandika amechelewa, ndiye huyu anayeomba nafasi. Wako wenzangu kumi na tisa ambao insha zao hazina mtu kama huyo.

Jambo la pili ni dogo lakini linanisumbua: insha ya chuo haina mimi. Nilimpigia Mwalimu simu nikamuuliza nitajiandikaje bila neno hilo. Akasema, "Mama Lado, inawezekana pana mahali panaporuhusu." Kwa mtu kama yeye, hiyo ni kama kupiga kelele.

Basi nimejiapia: sitaandika tena neno juu ya mwanamke yeyote, kwenye daftari wala kwenye insha, kabla sijamsomea mwenyewe akalisikia. Na leo ni Jumamosi. Sentensi nimeshaiandika, ni fupi, nimeisoma mara mbili, haina inaelekea wala huenda: mama huyu alifika mapema, na nesi aliyemrudisha ni mimi, na jina langu lote linafuata, la kwangu, la baba na la babu. Sasa naomba ushauri kwa ninyi mliotangulia kwenye vyuo vya unesi, mnaojua wale watu wanavyosoma. Niiweke mwanzoni, wakutane nayo kabla hawajanipenda, au niiache mwishoni, wainuke nayo? Nijibuni kabla ya Jumatatu saa nne.